Katuni Zilizotumwa Kazi: Historia ya Studio ya Halas na Batchelor

Mwaka 1940, mwaka uleule ambao London ilianza kupigwa mabomu na ndege za Ujerumani, wachoraji wawili walifungua studio ya katuni na kuipa majina yao ya ukoo: Halas na Batchelor. Mmoja alikuwa mhamiaji kutoka Hungaria, wa pili binti wa Watford, mji mdogo ulio jirani na London. Hawakuwa na mtaji wa maana wala jina. Studio yao ilidumu kwa miongo mingi, ikatoa filamu karibu 2,000 ukihesabu ndefu, fupi na matangazo, na ndiyo iliyotengeneza Animal Farm ya mwaka 1954, filamu ndefu ya kwanza ya katuni ya Uingereza kuonyeshwa kwa umma katika majumba ya sinema.

Marekani ilikuwa na Walt Disney, aliyewauzia watu ndoto kwa tiketi ya mlangoni. Studio ya London haikuwa na bahati hiyo. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake ilikula kwa kazi za kuagizwa: leo wizara inataka wananchi walime mboga, kesho jeshi la majini linataka mabaharia wajue kugeuza meli, keshokutwa kampuni inataka kuuza sabuni au peremende. Mkono mtupu haulambwi, na wenye studio walilijua hilo. Kinachofanya wakumbukwe ni kwamba kazi ya kutumwa waliifanya kwa moyo wa kazi ya kujituma, na katika kufanya hivyo wakaionyesha Ulaya kwamba katuni inaweza kufundisha, kubishana na hata kuomboleza.

Kutoka Budapest na Watford

János Halász alizaliwa Budapest mwaka 1912. Alijifunza kazi chini ya George Pal, ambaye baadaye alipata umaarufu Hollywood, kisha akasoma katika shule ya usanifu ya Sándor Bortnyik, iliyofuata mafundisho ya Bauhaus ya Ujerumani: mchoro uwe safi, uwe na kazi, usiwe na pambo lisilo na sababu. Mwaka 1932 yeye na Gyula Macskássy walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa studio ya mwanzo kabisa ya katuni nchini Hungaria. Mwaka 1936 akahamia London, na huko jina lake likawa John Halas.

Joy Batchelor alizaliwa Watford mwaka 1914. Alisoma sanaa katika mji wake, akaingia katika kazi ya katuni akiwa bado kijana. Halas alipotangaza kwamba anatafuta wachoraji, Batchelor alikuwa mmoja wa waliojitokeza, na wakafanya pamoja filamu fupi iitwayo Music Man, iliyotoka mwaka 1938. Katika miaka hiyo migumu walifika hadi Budapest kutafuta namna ya kuendelea, fedha zikakatika, wakarudi London na kuishi kwa kuchora picha za vitabu, magazeti na matangazo. Mwaka 1940 wakafunga ndoa na kufungua studio.

Tangu mwanzo waligawana kazi kwa namna iliyowafaa. Halas alikuwa mtu wa kutafuta wateja, kupanga na kusukuma mambo. Batchelor aliandika hadithi, akabuni wahusika na kusimamia uhuishaji wenyewe. Wote wawili walikuwa na mkono wa kuchora, na mstari wa Batchelor ulikuwa na wepesi na ucheshi ambao wenzake waliutambua mara moja.

Vita vyawapa kazi

Kazi za kwanza zilipatikana kupitia kampuni ya matangazo ya J. Walter Thompson. Mwaka huohuo wa 1940 walitoa filamu mbili fupi za biashara: Train Trouble, ya nafaka za Kellogg's, na Carnival in the Clothes Cupboard, ya sabuni ya Lux. Pamoja nao katika kampuni hiyo alikuwapo Alexander Mackendrick, ambaye baadaye aliongoza baadhi ya filamu za vichekesho zinazopendwa sana Uingereza.

Punde serikali ikabisha hodi. Wizara ya Habari ilihitaji njia ya kusema na raia waliochoshwa na hotuba, na katuni ilifaa. Wakati wa vita studio ilitoa filamu zipatazo 70 kwa ajili ya wizara na majeshi. Katika Dustbin Parade ya mwaka 1942, mfupa, kopo na takataka nyingine hujitokeza kuandikishwa kama askari ili wageuzwe kuwa silaha. Katika Filling the Gap, ya mwaka huohuo, mtazamaji anaelezwa kwa nini kiwanja cha nyuma ya nyumba kipandwe mboga: kila kilo inayolimwa nyumbani huacha nafasi ndani ya meli kwa shehena ya vita. Hoja ya uchumi ambayo ingehitaji kijitabu kizima inaeleweka kwa dakika chache, hata kwa mtoto.

Zilikuwepo pia filamu za Abu, mvulana wa Kiarabu na punda wake, zilizotengenezwa kwa watazamaji wa Mashariki ya Kati. Ndani yake Hitler alichorwa kama nyoka na Mussolini kama chura. Filamu hizi zinahitaji kutazamwa kwa macho mawili. Jicho moja linaona ustadi wa kumfikia mtu aliye mbali kwa wahusika anaowaelewa. Jicho la pili linaona dola ya kikoloni ikiwanyooshea kidole wadhalimu wengine mbele ya watu ambao yenyewe haikuwa imewapa uhuru kamili. Historia ya studio hii haikamiliki bila macho yote mawili.

Mwaka 1945 walikamilisha Handling Ships, filamu ya zaidi ya saa moja iliyowafundisha mabaharia wa jeshi la majini namna meli inavyoitikia usukani, mkondo na upepo. Haikuonyeshwa hadharani, na ndiyo maana sifa ya kuwa ya kwanza mbele ya umma ikabaki kwa Animal Farm. Lakini ilithibitisha jambo kubwa kwa wenyewe: studio ndogo ya London inaweza kubeba filamu ndefu ya katuni kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Vita vilileta mabadiliko mengine. Wanaume wengi walikuwa jeshini, na studio ikawafundisha kazi wasichana waliotoka shule za sanaa. Vera Linnecar na Nancy Hanna walikuwa miongoni mwao, na baadaye wote wawili walijenga jina katika studio nyingine ya Uingereza, Biographic. Kiwanda cha filamu za vita kikawa kwa vitendo chuo cha uhuishaji, katika nchi ambayo nafasi za kujifunza kazi hiyo zilikuwa adimu.

Charley na Uingereza mpya

Vita vilipokwisha, chama cha Labour kiliingia madarakani na mipango mikubwa: miji mipya, elimu kwa wote, bima ya taifa, matibabu bila malipo mlangoni. Ofisi Kuu ya Habari ilitaka mipango hiyo ielezwe kwa lugha ya mtaani. Halas na Batchelor wakamzaa Charley, mtu wa kawaida, mbishi, mwenye kiherehere, ambaye kila jambo jipya la serikali hulipokea kwa kununa kwanza.

Kati ya mwaka 1946 na 1949 Charley alitokea katika mfululizo wa filamu fupi. Maarufu zaidi ni Your Very Good Health ya mwaka 1948, iliyowaandaa wananchi kwa Huduma ya Afya ya Taifa iliyoanza tarehe 5 Julai mwaka huo. Charley anaendesha baiskeli yake kwa raha zake na kumuuliza msimulizi: hii huduma mpya inanihusu nini mimi niliye mzima? Msimulizi hamhutubii. Anamkaribisha afikirie siku atakayoanguka na baiskeli, siku mkewe atakapougua, na gharama zitakazofuata. Mwishoni Charley ndiye anayemweleza jirani yake mwenye nacho kwa nini huduma ile inamfaa naye pia.

Huo ni ustadi wa kutoa elimu kwa umma ambao hata leo si wa kawaida. Aliyeandika filamu ile alikubali kwamba mwananchi ana haki ya kutilia shaka, akaipa shaka hiyo mdomo na sura, kisha akaijibu hoja kwa hoja. Kinyume chake ni bango linaloamrisha, na bango linaloamrisha husahaulika mvua ya kwanza ikinyesha.

Mwaka 1950 ikafuata The Shoemaker and the Hatter, iliyolipiwa na mpango wa Marshall wa Marekani wa kuijenga upya Ulaya. Fundi viatu anataka atengeneze viatu vingi, viuzwe bei nafuu na kuvuka mipaka. Fundi kofia anataka ushuru mkubwa na kofia chache za bei ya juu. Mjadala wa biashara huria unageuka ugomvi wa majirani wawili, na mtazamaji anauelewa kabla hajajua kwamba amefundishwa uchumi.

Animal Farm

George Orwell alifariki Januari 1950, akiacha riwaya fupi kuhusu wanyama wanaompindua mkulima na kuishia kutawaliwa na nguruwe. Mtayarishaji wa Marekani, Louis de Rochemont, alipata haki ya kuitengeneza filamu na mwaka 1951 akawapa kazi hiyo Halas na Batchelor. Studio ikapanuka. Watu wapatao 80 waligawanywa kati ya London na Stroud, mji wa Gloucestershire ambako Harold Whitaker, mmoja wa wahuishaji hodari kabisa wa Uingereza, alifanya kazi.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Mhuishaji alichora kwa penseli hatua kuu za mwendo, kwa mfano farasi Boxer akivuta jiwe. Msaidizi wake alijaza hatua za katikati. Kila mchoro ulihamishiwa kwa wino juu ya karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga, na rangi ikapakwa upande wa nyuma ili mistari ya mbele ibaki safi. Plastiki hiyo ikalazwa juu ya mandhari iliyochorwa kando, kamera ikapiga picha moja, ikaondolewa, ikawekwa nyingine. Sekunde moja kwenye sinema ni fremu 24. Filamu ina dakika 72.

Kabla ya yote hayo Halas na Batchelor walichora kitu ambacho wanafunzi wa fani hii bado wanakisoma: chati ya mvutano. Ni mstari mrefu unaopanda na kushuka kufuata hisia za hadithi tukio kwa tukio, pamoja na rangi na muziki wake. Hivyo mtunzi wa muziki, Mátyás Seiber, Mhungaria mwanafunzi wa mtunzi Kodály, aliweza kujua mapema mahali ambapo wimbo wa wanyama upande na mahali ambapo ukimya utawale. Maurice Denham alitoa sauti za wanyama wote, peke yake. Msimulizi alikuwa Gordon Heath, mwigizaji Mmarekani mweusi aliyekuwa akiishi Paris, na sauti yake tulivu ndiyo inayoibeba filamu nzima.

Tazama kifo cha Boxer. Farasi aliyejitoa mwili na roho kwa ajili ya shamba anaanguka akiwa kazini. Gari linakuja kumchukua, na wanyama wanaamini anapelekwa hospitali. Ni punda Benjamin anayetambua kwamba ni gari la kiwanda cha gundi, naye anakimbia nyuma yake akilia huku uso wa rafiki yake ukizidi kuwa mdogo katika dirisha la nyuma. Watazamaji waliozoea katuni za kuchekesha hawakuwa wamejiandaa kwa huzuni ya namna hiyo. Hapo ndipo studio iliyokulia katika filamu za kulima mboga ilipoonyesha upeo wake.

Filamu ilianza kuonyeshwa New York tarehe 29 Desemba 1954, na London mwanzoni mwa mwaka 1955. Mabishano yaliyohusu mwisho wake hayajazimika hadi leo. Orwell aliwaacha wanyama nje ya dirisha wakitazama nguruwe na wanadamu mezani, wasiweze tena kutofautisha huyu na yule. Filamu iliwaondoa wanadamu mezani, ikawaonyesha nguruwe peke yao, kisha wanyama wanakusanyika chini ya Benjamin na kumwangusha Napoleon, nguruwe mtawala.

Miaka mingi baadaye ilithibitishwa kwamba fedha nyuma ya de Rochemont zilitoka kwa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, lililotaka kitabu cha Orwell kitumike katika Vita Baridi. Mwisho ambao wanadamu na nguruwe ni kitu kimoja haukuufaa mpango huo, kwa kuwa ulizilaumu pande zote mbili. Kwa kadiri ya ushahidi uliopo, Halas na Batchelor walijua kwamba wanamfanyia kazi de Rochemont, si majasusi. Halas aliutetea mwisho ule kwa hoja ya msanii: mtazamaji aliyekaa dakika 72 na mateso hayo anastahili kutoka na tumaini.

Wasomaji wa Kiswahili wana nafasi ya pekee katika mjadala huu. Tafsiri ya Fortunatus Kawegere, Shamba la Wanyama, ilichapwa Nairobi mwaka 1967, na kwa wengi wa kizazi kile na vilivyofuata ndiyo njia ya kwanza ya kumjua Orwell. Anayeijua hadithi kwa Kiswahili anaujua mwisho wa dirishani, ule usiomwachia mtu pa kukimbilia. Akiitazama filamu atashtuka kuona mapinduzi ya pili. Na akivilinganisha viwili hivyo ataona kwa macho yake nguvu ya mlipaji inapoishia na nguvu ya msanii inapoanzia. Mwisho uliweza kubadilishwa kwa sababu za kisiasa. Kifo cha Boxer kilibaki jinsi kilivyostahili kuwa, na hakuna upande wa Vita Baridi uliofanikiwa kukifanya chake.

Televisheni, magari na kompyuta

Septemba 1955 televisheni ya biashara ilianza Uingereza, na matangazo ya katuni yakawa riziki ya studio kwa miaka mingi. Fedha hizo zilisaidia filamu ambazo hakuna mteja angeziagiza. Automania 2000, ya mwaka 1963, inaonyesha dunia ambayo wanasayansi wameipa kila kitu kwa wingi, magari yakazaana hadi barabara zikaziba kabisa, na watu wakaishi ndani ya magari yasiyosogea. Ilipata tuzo ya BAFTA na kuteuliwa kuwania Oscar. Imechorwa kwa mistari michache na rangi bapa, na kejeli yake inatoka moja kwa moja katika shule ya Bortnyik: hakuna kisichohitajika.

Mwaka 1967 Joy Batchelor aliongoza Ruddigore, opera nyepesi ya Gilbert na Sullivan iliyogeuzwa katuni kwa sauti za waimbaji wa kampuni ya D'Oyly Carte. Ilikuwa mara ya kwanza kazi ya Gilbert na Sullivan kugeuzwa katuni. Mapema miaka ya 1970 studio ilifanya kazi ya uhuishaji kwa mfululizo wa Marekani kuhusu vijana wa Jackson 5, enzi Michael Jackson akiwa bado mtoto. Mwaka 1979 Halas alitoa Autobahn, kwa muziki wa kundi la Ujerumani la Kraftwerk, na mwaka 1981 Dilemma, miongoni mwa filamu fupi za mwanzo kuhuishwa kwa kompyuta. Alikuwa anakaribia miaka 70, akashika chombo kipya kama kijana.

Si kila kitu kilikwenda vizuri. Mwishoni mwa miaka ya 1960 studio iliuzwa kwa kampuni ya televisheni, na kazi nyingi za mfululizo za wakati huo zilifanywa haraka na kwa bajeti finyu. Halas aliirudisha mikononi mwake baadaye, lakini ukubwa wa zama za Animal Farm haukurudi.

Nafasi ya Joy Batchelor

Kwa muda mrefu wasimulizi wa historia hii walimtaja Halas kwanza na Batchelor kama mke aliyemsaidia. Kazi zenyewe zinakanusha. Aliandika au kushiriki kuandika filamu nyingi za Charley. Aliandika Automania 2000. Katika Animal Farm jina lake limo kama mtayarishaji na mwongozaji sawa na la mumewe, jambo lililomweka miongoni mwa wanawake wa mwanzo duniani kuongoza filamu ndefu ya katuni. Alilea watoto wawili katika miaka hiyohiyo, na alipoacha kazi za kila siku za studio alifundisha katika shule ya filamu ya London. Alifariki mwaka 1991. Studio iliitwa kwa majina mawili kwa sababu ilijengwa na watu wawili, na historia yoyote inayosahau hilo imeandikwa nusu.

Walichoacha

John Halas alikuwa miongoni mwa walioanzisha ASIFA, jumuiya ya kimataifa ya watengeneza katuni, huko Annecy, Ufaransa, mwaka 1960, akawa rais wake kuanzia mwaka 1975 hadi 1985. Katika miaka ambayo Ulaya iligawanywa na ukuta, jumuiya hiyo iliwakutanisha wachoraji wa Moscow, Zagreb, Prague, London na Montreal meza moja. Mtu ambaye filamu yake kubwa ililipiwa na upande mmoja wa Vita Baridi alitumia nusu ya pili ya maisha yake kuunganisha pande zote. Alifariki mwaka 1995.

Aliandika pia. The Technique of Film Animation, alichokiandika na Roger Manvell, kilitoka mwaka 1959. Timing for Animation, alichokiandika na Harold Whitaker wa Stroud, kilitoka mwaka 1981 na bado kinasomwa vyuoni. Kitabu hicho kinafundisha jambo moja kwa mamia ya michoro: mchoro mmoja peke yake hausemi mengi, maana iko katika muda unaopita kati ya mchoro na mchoro. Mwanafunzi anayetumia kompyuta leo, awe Nairobi, Kinshasa au London, bado anahangaika na hesabu hiyohiyo ya fremu ngapi kabla mpira haujagusa ardhi. Mwaka 2010 hazina ya studio ilikabidhiwa kwa Taasisi ya Filamu ya Uingereza, ambako inahifadhiwa kwa ajili ya watafiti na umma.

Kwa wanaotengeneza katuni katika nchi zetu, ambako kazi nyingi hulipiwa na wizara, mashirika ya misaada na kampuni za biashara, historia hii inagusa moja kwa moja. Halas na Batchelor hawakusubiri mteja asiye na masharti. Walipokea filamu ya mboga, ya bima, ya usukani wa meli, na kila mara wakauliza mhusika huyu anataka nini, mtazamaji anatilia shaka nini, mstari upi unatosha. Walijenga mkono wao katika kazi ndogo, hivyo kazi kubwa ilipofika iliwakuta tayari. Ni heshima kubwa kwa studio yoyote, na wao waliistahili.